Tulivyompigia Kulwa Makofi

Nimestaafu Jumamosi iliyopita nikiwa na miaka kumi na tisa. Naambiwa kuna watu wanafanya kazi mpaka sitini. Nawaonea huruma. Kwenye klabu yetu ya vijana tunaoishi na virusi vya UKIMWI, ukifika umri wangu unatolewa Jumamosi na kuhamishiwa Jumatano, kliniki ya watu wazima, ambako hakuna maandazi na watu wanazungumzia migongo. Nimekuwa mwelimisha rika tangu nikiwa kidato cha pili. Sasa nipo cha sita, na kazi nawaachia nyie mnaobaki, mnaosoma karatasi hizi mkiwa mmekalia benchi lile lile lenye msumari. Msumari uko upande wa kulia. Hilo ndilo la kwanza nawarithisha.

Kuhusu mshahara na cheo sitawapotezea muda. Mshahara ulikuwa soda. Cheo kilikuwa fulana.

Fulana yenyewe ilikuja mwaka wangu wa kwanza kazini. Ilikuwa ya njano, na mgongoni iliandikwa, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara ya Musoma, kwamba aliyeivaa anaishi na virusi kwa matumaini. Aliyeibuni alikuwa na nia njema, ila hakuwa mkazi wa Igoma. Igoma ukitoka na fulana hiyo kituo cha afya ukaifikisha nyumbani, unamkuta mama yako ameshapewa pole na majirani. Kwa hiyo sote tuliigeuza, maandishi yakawa ndani, mishono nje. Mtaani wakajua ni kikundi cha washonaji waliofeli.

Naitwa Shija. Kwa Wasukuma jina hilo ni la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Mapacha wetu wapo, wanaendesha bodaboda, hawana virusi na hawana adabu. Mimi nilivipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mama akinieleza habari hiyo huwa anainamisha macho, nami humjibu kwamba wapo waliorithi pua ya baba, na hao ndio wa kuombewa.

Aliyeniajiri ni Sista Advera, nesi wetu. Ni Mhaya, Mkatoliki, mrefu, anaongea Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi, na hakuna mtu kwenye klabu aliyewahi kuyaona meno yake yote. Siku ya kwanza alinisimamisha kwenye mzani, akaniambia niwapime wenzangu na nisitaje uzito wa mtu kwa sauti. Nikauliza sasa nikinyamaza nitakuwa nafanya kazi gani. Akasema, "Wachekeshe. Nasikia shuleni kwako wanakutoa darasani kwa kazi hiyo hiyo. Hapa hutatolewa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ajira.

Vitendea kazi vyenu ni vichache. Cha kwanza ni mzani, ambao unadanganya kidogo ukiwekwa karibu na mlango kwa sababu sakafu imebonyea. Usogezeni ukutani. Cha pili ni pamba. Mnajua kwamba chupa ya dawa ikiwa kwenye begi inapiga kelele, kachakacha, kila unapotembea, na darasa zima linageuka kuuliza una njugu. Mwanachama mpya akija msianze na hotuba, anzeni na pamba. Mwonyesheni jinsi ya kuijaza chupa mpaka inyamaze. Mtoto akiona begi lake limenyamaza, hayo mengine atayasikiliza.

Cha tatu ni bipu. Saa mbili usiku, muziki wa taarifa ya habari unapoanza, wote tunameza. Ukishameza unambipu mwenzako wa dawa: simu inaita mara moja, unakata. Maana yake nimekunywa. Hakuna anayepokea. Ni bure, haina maneno, na hata mtu akiwa amekaa pembeni yako haambulii kitu. Tuliibuni wenyewe na tuliringa nayo. Wageni wakija klabuni ndiyo tuliyowaonyesha kwanza, kabla ya choo kipya.

Kazi kubwa ilikuwa kuwafuata wanaopotea. Asiyefika Jumamosi, asiyebipu, huyo unamwendea nyumbani, lakini huwezi kupiga hodi ukasema umetoka wapi. Unakwenda kama mwanafunzi mwenzake umeleta daftari la notisi. Nimekuwa mwanafunzi wa karibu kila shule ya sekondari upande huu wa Mwanza. Kuna baba mmoja alinishukuru kwa kumsaidia mwanawe hesabu, akaniita ndani nimfundishe mbele yake. Mtoto alikuwa ananizidi hesabu. Alinisahihisha kwa upole, nikarudi nyumbani nimefaidika.

Sasa nije kwenye makofi, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Mtu akitoka kwa daktari na majibu ya wingi wa virusi, na majibu yakawa mazuri, yaani virusi vimefubaa mpaka kipimo hakivioni, alikuwa anasimama mbele yetu na kusema neno moja: "Vimelala." Hapo tunampigia makofi ya kilo. Tunapima kilo ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha tunamfungia kwenye gazeti. Hakuna aliyelazimishwa kusimama. Ambaye hakusimama tuliangalia viatu vyake kwa heshima.

Aliyepata kilo nyingi kuliko wote ni Kulwa.

Kulwa alitoka Kisesa. Kisesa nao wanatoa dawa, lakini anayezigawa huko anaimba kwaya moja na bibi yake Kulwa, kwa hiyo akawa anakuja kwetu Igoma. Wapo watu wa Igoma wanaokwenda kuchukulia Kisesa kwa sababu kama hiyo. Nadhani huwa wanapishana njiani. Alikuwa na pacha wake, Doto. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na virusi vikampata yeye. Doto havikumpata. Mama yao alishafariki, wakalelewa na bibi yao, mkulima wa pamba.

Siku aliyosikia jina langu alinitazama kuanzia chini. "Shija? Basi wewe ni mdogo wangu. Kwanza Kulwa, halafu Doto, halafu Shija. Nikikutuma unakwenda." Nilikuwa nimemzidi miaka miwili na nimesimamia mzani. Nilikwenda kumletea maji. Tangu siku hiyo namwita dada, na tukawa wenza wa dawa: yeye anabipu kwangu, mimi nabipu kwake, kwenye simu ya bibi.

Hakukosa. Jumamosi alifika wa kwanza, dawa hazikupungua wala kuzidi, majibu kila mara vimelala. Dawa zake alizitunza kwenye kopo la mafuta ya mgando lililojazwa pamba ya shambani kwao, pamba halisi, nyeupe, siyo ile ya dukani inayokwisha kwa kuguswa. Ungelitikisa kopo lile sikioni usingesikia kitu. Klabu nzima ililitamani. Mwanachama mpya akilia, Sista alikuwa anamketisha karibu na Kulwa. Wageni wakija, Kulwa ndiye aliyesimama kuongea. Tulimwita Mfano, na akawa anaitika.

Kisha mjomba wao akawatafutia shule ya bweni Misungwi. Nafasi zilikuwa mbili. Bibi akakaa akafikiria bweni lililojaa wasichana, masanduku yanayofunguliwa ovyo, na dawa za kila siku. Akamruhusu Doto, akamzuia Kulwa. Walikuwa hawajawahi kulala vitanda viwili tofauti. Kulwa alitusimulia Jumamosi moja kwa kifupi, akasema ni sawa tu, halafu akaomba tuendelee na kipindi.

Baada ya hapo mzani ukaanza kuniambia mambo. Alipungua kidogo, kisha kidogo tena. Nilimnong'oneza Sista, Sista akamwuliza, Kulwa akasema ni mitihani. Majibu ya damu yakaja: vimelala. Tukapiga kilo zetu. Nani angekuwa na wasiwasi na mtu ambaye damu yake ina cheti?

Kitu kingine nilikiona, nikakisoma vibaya. Nikifanya utani, Kulwa alikuwa anacheka, lakini anachelewa. Anawaangalia wenzake kwanza, halafu ndiyo anacheka. Mchekeshaji huona vitu hivyo haraka. Nilidhani tatizo ni utani, nikaenda kutafuta mwingine.

Jumamosi moja, kabla ya kufunga, Kulwa aliinuka akaenda kwa mtoto wa darasa la tano ambaye chupa yake ilikuwa bado inapiga kelele, akampa kopo lake. Kopo lile. Pamoja na pamba yake yote. Mtoto alilipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, nasi tukafanya tulichokijua: tulimpigia Kulwa makofi. Kilo tano, nadhani, maana mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Akatabasamu, akachelewa kidogo, akaondoka.

Tulipobaki kufagia, Sista Advera alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika ufagio bila kuutumia.

"Shija. Yule amegawa kopo. Dawa zake sasa anaweka wapi?"

Nikasema labda amepata lingine.

"Labda. Ulimwona nalo?"

Sikuwa nimeliona. Nikamwambia lakini anabipu kila siku, Sista, hata jana, tena kwa wakati.

"Nani anabipu?"

"Kulwa."

"Umemsikia?"

Nilifungua mdomo kumweleza kwamba bipu haina sauti ya mtu, ndiyo uzuri wake. Nikaufunga. Sista akaanza kufagia. "Leo ikiita, pokea," akasema.

Saa mbili, taarifa ya habari ikaanza kwenye duka la jirani, na simu yangu ikaita. Nikaipokea kabla haijakatwa. Kwanza nikasikia mbuzi. Halafu sauti ya mwanamke mzee, ya mtu aliyekosewa.

"Mbona umepokea? Hii huwa haipokelewi."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umepokea?"

Nikaomba kuongea na Kulwa. Bibi akasema Kulwa yupo, amelala anatazama ukuta. Akitoka shule anatazama ukuta, na siku nyingine shule haendi. Dawa amekunywa. "Namwekea mkononi, namshikia kikombe. Akimeza nabonyeza jina lako, ikiita mara moja nakata. Alinifundisha mwenyewe. Tangu Doto aende ni mimi." Kwa hiyo muda wote ule, kila nilipoiangalia simu nikasema dada yangu mzima, nilikuwa nabipiwa na bibi wa Kisesa ambaye hatujawahi kuonana.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema Kulwa alimkataza, kwamba huko klabuni yeye ni mfano, watoto watavunjika moyo. Kisha sauti ikawa karibu, nikajua amesogeza simu mdomoni.

"Wewe ndiye yule Shija anayechekesha watu?"

"Ndiye, bibi."

"Basi njoo umchekeshe. Mimi nimeshindwa."

Nilimpigia Sista hapo hapo. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Sista Advera hakwenda misa. Kwa wanaomjua, hiyo ni hali ya hatari ya kitaifa. Alivaa kitenge, siyo sare. Njiani tulikubaliana kwamba mimi ni mwanafunzi mwenzake Kulwa na yeye ni shangazi yangu. Kisesa bibi alitupokea mlangoni, akaitikia shikamoo zetu, akatandika mkeka, akaleta sahani ya michembe, viazi vikavu vilivyochemshwa, na hakutuuliza hata swali moja kuhusu ushangazi wetu.

Kulwa alikuwa chumbani, amejifunika kanga, ameelekea ukutani. Nilikuwa nimeandaa utani mzuri wa aina tatu. Nikatoa wa kwanza, wa mwalimu wetu wa zamu na mbwa wa mlinzi. Akasema, "Unachekesha, Shija," kwa sauti ya mtu anayesoma mabango ya barabarani. Nikashika wa pili. Sista akainua mkono bila kunitazama. Akakaa chini sakafuni, kitenge na vyote, kichwa chake kikawa sawa na kitanda. Akakaa tu. Hakuna aliyesema kitu kwa muda ambao mimi, kwa tabia yangu, nisingeuweza.

Kisha akauliza, kama anavyouliza mtu amekula nini: "Kulwa, kuna wakati unawaza kufa?"

Nilitamani kutokea dirishani. Dirisha lilikuwa dogo.

"Ndiyo," Kulwa akasema ukutani.

"Unawaza kujiua?"

"Ndiyo, Sista."

"Asante kwa kuniambia."

Basi. Hakumfokea, hakumsomea mstari wa Biblia, hakumwambia afikirie watoto wa klabu. Siku za baadaye nilimwuliza kama hakuogopa kumtia wazo kichwani. Alisema kuuliza hakumtii mtu wazo. Wazo linakuwa lipo tayari, linakaa naye peke yao wawili. Ukiuliza, mnakuwa watatu. Hilo lishikeni kuliko mambo ya mzani.

Kulwa akageuka. Alisema taratibu, na mengine aliyosema ni ya kwake. Ameyasoma haya kabla yenu, akafuta mistari aliyotaka, akaniambia jina lake liachwe lilivyo. Aliyoyaacha ni haya:

"Nikisema nimechoka, naambiwa vimelala, unataka nini tena? Ni kweli vimelala. Mimi ndiye silali. Nikija pale mnanipigia makofi, narudi hapa kitanda kitupu. Nikaona kuliko niwe mfano mbovu mbele yenu, bora nisiwepo. Yule mtoto chupa yake inapiga kelele. Mimi sikuona kama kopo nitalihitaji."

Nikakumbuka kilo zangu tano. Nikaikalia mikono yangu.

Sista akamwambia ugonjwa huo unaitwa sonona. Kwamba unawapata wengi wanaoishi na virusi, wenye majibu mabaya na wenye majibu mazuri, na kwamba una tiba. "Ule mwingine tumekupima damu kila mara. Huu hatukukuuliza hata siku moja. Tulikuwa tunapiga makofi."

Halafu akawa nesi. Akamwita bibi pembeni, wakatoa nyumbani dawa ya kunyunyizia pamba, ikaenda kufungiwa kwa jirani, na funguo zikabaki huko huko. Bibi akahamishia godoro lake chumbani kwa Kulwa. Jumatatu asubuhi Sista akampeleka mwenyewe hospitali kubwa mjini, kwa daktari wa afya ya akili. Kulwa aliogopa kuonekana kwenye mlango ule, asije akaitwa kichaa. Nikamwambia ana uzoefu wa miaka mingi wa kuficha siri nzito kuliko hiyo, hii ya pili ataifanya kwa mkono mmoja. Hakucheka. Lakini pia hakuchelewa kucheka, nikaona hiyo ni hatua.

Doto aliitwa. Likizo fupi ilipofika alikuja na sanduku lake, akapanda kitanda kile kile, na usiku wa pili wakagombana kuhusu shuka. Bibi alinipigia simu kunieleza ugomvi huo kwa furaha kama anatangaza mavuno. "Wabeja," akaniambia, yaani asante, ingawa kwenye mambo ya shuka sikuhusika.

Mimi nilipewa kazi moja. Bipu iliondolewa kati yetu. Kila siku saa mbili nampigia, naye anapokea, namwuliza amefanya nini leo. Siyo anajisikiaje. Ukimwuliza Mtanzania anajisikiaje atakuambia nzuri hata akiwa chini ya lori. Leo umefanya nini. Jibu lake lilikuwa "Hakuna." Kesho yake "Hakuna." Ikifika hapo Sista alishanielekeza nisimsukume, nimweleze ya kwangu. Baba yangu anachomelea mageti, kwa hiyo nilimsimulia wateja: aliyeagiza geti refu kuliko nyumba, aliyeagiza geti kabla ya kununua kiwanja, aliyetaka lichorwe simba, likatoka na simba anayefanana na mkwewe. Nilisimulia wiki na wiki. Huko upande wa pili ilikuwa "Mh." Nimewahi kufanya maonyesho kwenye mahafali yenye wazazi waliolala, na sikuwahi kupata watazamaji wagumu kiasi hicho.

Jioni moja nikiwa katikati ya mteja wa simba, kwa mara ya pili maana wateja walikuwa wananiishia, akanikata.

"Shija, hiyo umeshaisema, na ilikuwa mbaya tangu ile ya kwanza. Hivi huna masomo? Au na huko darasani umewekwa mzani?"

Nikakata simu, nikampigia Sista.

"Amenitukana."

"Vizuri?"

"Vizuri sana. Amegusa na masomo."

"Mungu ni mwema," akasema. "Kesho mrudie ile ile."

Msidhani mambo yaliishia hapo. Wiki iliyofuata alirudi ukutani, akatoka, akarudi tena. Daktari alimwambia itakuwa hivyo, na ikawa hivyo. Sonona haikatwi kama bipu. Lakini akawa anasema mwenyewe: leo nipo ukutani. Na sisi tulikuwa tunajua la kufanya, yaani kuja na kukaa.

Aliporudi klabuni, mikono ya watu ilishainuka hewani. Sista akaitazama, ikateremka mmoja mmoja. Kulwa akaketi upande wenye msumari bila kuambiwa. Yule mtoto wa darasa la tano akaja na kopo, akaliweka magotini pake. "Dada, chukua lako." Kulwa akalifungua, akaitoa ile pamba, akaigawa katikati, nusu akairudisha ndani na kumpa mtoto kopo lake. Nusu nyingine akaitia mfukoni mwa sketi.

Majibu yake yalipotoka mara iliyofuata, alisimama akasema, "Vimelala." Tukajiandaa. Akasema, "Subirini kwanza. Hivyo ni virusi. Mbona mwenyewe hamjamwuliza?"

Na huo ndio mwanzo wa desturi mnayoikuta nyie mkidhani imeletwa na wizara. Mtu akisema vimelala, wote tunauliza: na mwenyewe je? Akisema mwenyewe yupo, ndiyo makofi. Akisema mwenyewe hapana, hakuna makofi, hakuna ushauri, hakuna mtu kumwambia ashukuru Mungu. Tunasogea kwenye benchi anakaa, na Sista anaonana naye siku hiyo hiyo. Yule mtoto aliuliza, na kama mwenyewe hajui? Kulwa akafikiri. "Anasogezewa pia."

Sasa Kulwa ndiye mwelimisha rika mwenzenu mkuu. Msimwite Mfano. Mwiteni dada, na akiwatuma mwende.

Jumamosi yangu ya mwisho Sista alinitolea hotuba ya kuniaga. Niinukuu yote: "Shija amefanya kazi. Kaeni." Nilipewa soda ya mwisho, nikasimama mbele na majibu yangu, nikasema, "Vimelala."

Kulwa alikuwa kwenye mzani. "Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe amestaafu," nikasema, "anaulizia pensheni."

Wakacheka wote, wakanipimia kilo nyingi mpaka wakaishiwa gazeti. Kulwa hakucheka. Alikuwa anaangalia mshale wa mzani, na juu yake hakukuwa na mtu.

Jioni nilikuwa karakana kwa baba, nimekalia geti ambalo halijapakwa rangi. Taarifa ya habari ikaanza, nikameza dawa yangu. Siku hizi tunapeana zamu ya kupiga, na kwa zamu yake Kulwa huwa ananibipu tu nimpigie mimi, kwa hiyo simu ilipoita nikasubiri ikate. Haikukata. Ikaita mpaka mwisho, ikaanza upya.

"Mbona hukati?" nikamwuliza.

"Mbona hupokei? Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Mchana nimekuuliza swali, ukawajibu wale wengine. Nauliza tena. Na mwenyewe je?"

Nikatafuta utani. Haikuwa shida, upo mwingi. Kulikuwa na wa pensheni, wa migongo ya Jumatano, wa simba na mkwe. Nikaupitisha wote kichwani, na Kulwa hakukata. Alikuwa anasubiri, kama Sista sakafuni.

"Bado nipo," akasema.

Nikamwambia. Kwamba mwenyewe hapana. Kwamba tangu mwaka uanze naamka nimechoka kabla siku haijanigusa, na kule Jumatano hakuna ninayemjua, na kwamba mtu anayechekesha watu wote huwa haulizwi kitu na yeyote. Nilianza vibaya, nikarudia mwanzo, nikaendelea. Salio lilikuwa la bibi yake. Tulilimaliza lote.